Laini ya Ghalani

Enzi zile za ruksa, biashara zilipoachiwa watu binafsi, chama chetu cha ushirika pale Masoko kilikuwa kinajifia taratibu, nami nilikaa kwenye swichibodi. Waya zikiharibika nilizitengeneza mwenyewe. Elimu yangu ya darasa la saba tu, kazi ya simu nilifundishwa na aliyenitangulia, kwa hiyo haya nayaandika kwa wasiwasi. Pengine mwingine angegundua mapema.

Ghala la korosho lilikuwa mbali na ofisi, upande wa barabara ya Nangurukuru. Zamani lilikuwa na watu tele. Wakapunguzwa, akabaki karani peke yake. Mke wake alikuwa amelazwa Dar, anauguzwa na mama yake mzazi, na mama ndiye aliyeahidi kupiga simu hali ikibadilika. Karani asingeweza kuondoka hivi hivi, maana mnunuzi binafsi alikuwa anakuja kukabidhiwa ghala. Meneja alimwambia, "Ukiitwa, nenda. Usipoitwa, nisaidie." Simlaumu meneja. Naye hakujua kesho yake.

Simu ikaja, sauti ya mama mtu mzima: "Mwanangu, nipe ghalani." Nikaunganisha. Nikamsikia karani, "Halo?" Mara kimya, imekatika. Kesho yake vilevile.

Nikachukua ngazi na koleo. Maungio yalikuwa yameliwa na chumvi, nikayakata nikayafunga upya. Penye nguzo zilizoangushwa na mchwa waya ulikuwa umelazwa juu ya mikorosho, nikapunguza matawi. Nikabadilisha hata simu yenyewe. Tukajaribu na karani, tukaongea mpaka akanitania.

"Mmatumbi wewe, leo maneno umeyapata wapi?"

"Napima laini, bwana. Wewe Mmwera endelea kunitukana, nakusikia vizuri."

Haikukatika. Za meneja nazo hazikukatika. Mama alipopiga tena, ikakatika. Karani akaja ofisini kwa miguu, jasho linamtiririka.

"Ndugu yangu, hiyo laini yako inachagua mtu?"

Safari hii hakuwa anatania.

Asubuhi iliyofuata nikamwachia mhudumu wa ofisi swichibodi, nikaenda kukaa ghalani, nisikilize kule waya unakoishia. Simu ilipolia, karani alikuwa nje anawaonyesha wapagazi wa kukodi wa siku ile pa kupanga magunia. Nikapokea mimi.

"Nani mwenzangu?"

"Fundi wa simu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Alhamdulillahi! Kila nikipiga anapokea mwenyewe. Mkwe wangu yule, nitamsemesha kwa mdomo gani? Maneno ya nyumbani sithubutu kumwachia wa swichibodi, basi naweka chini, nasema labda kesho atapokea mwenzake wa kazini."

Hata kwetu mkwe humsemeshi hivyo. Maneno hupitia kwa mtu wa katikati. Lakini mimi nilikuwa nimetazama waya na mikorosho tu.

"Sasa mwambie," akasema. "Siku zote hizo mkewe alikuwa anamwita. Jana alasiri tumemzika."

Karani alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni. Nikaufunika mkono wa simu kwa kiganja, nikamwambia. Sikujua namna nzuri ya kulisema, nikalisema kama nilivyoambiwa. Alikaa juu ya gunia. Akauliza, "Waya ulikuwa mzima?"

"Mzima. Mama alikuwa anaweka chini. Alikuwa anakustahi."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayekubali hesabu ambayo hakuipenda.

"Amepata habari?" mama akauliza kule.

"Amepata, mama."

"Na hao wenzake, mbona hata siku moja hawakupokea?"

Nikamtazama karani. Sauti ya mama ilikuwa kubwa, alikuwa amesikia. Akanong'ona, "Usimwambie niko peke yangu. Tafadhali. Itamuua."

Mimi si mtu wa uongo, na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa wema au ni woga wangu tu. Nikasema, "Walikuwa nje, mama. Msimu huu kazi ni nyingi, wote wanapakia."

"Haya, baba," akasema. "Mungu awasaidie na kazi zenu."