Sungura Wangu, Kuku wa Baba

Jogoo wa baba hakuwika juu ya paa wala juu ya ukuta kama majogoo wenzake wa Bariadi. Aliwika akiwa amesimama juu ya mgongo wa sungura wangu jike. Kila asubuhi nilipotoka na mswaki mdomoni nilimkuta hapo, kifua mbele, na yule sungura chini yake amelaza masikio akingoja yaishe. Nilikuwa nachukua kandambili na kutupa. Kandambili inagonga wavu, jogoo anaruka, kuku wanatawanyika, sungura wanapigapiga chini miguu ya nyuma kwa hofu, na baba kutoka chumbani kwake anauliza kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Nani anawapiga kuku wangu?"

Ndivyo siku zangu zilivyoanza tangu tulipochanganya kuku na sungura kwenye banda moja nyuma ya nyumba. Nasema "tulipochanganya" kwa heshima tu. Mimi sikuchanganya kitu.

Baba alikuwa akiishi peke yake kijijini Dutwa tangu mama alipofariki. Macho yake yalishaanza kuingia ukungu, na presha ilikuwa ikimpanda bila taarifa. Siku moja alianguka njiani akitoka kisimani, akalala pale chini mpaka jirani aliyekwenda kuchota maji akamwona. Nikaenda kumchukua. Nilimwambia hatalala tena peke yake katika nyumba ile. Mtu wa presha akianguka mara ya pili na hakuna wa kumwona, anaokotwa maiti. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi, na ndilo lililonifanya nivumilie yote haya. Alikubali kuja kwa sharti moja tu, kwamba kuku wake waje pia. Tukapanda basi, kuku wamefungwa miguu chini ya kiti, jogoo akimdonoa kisigino mama wa watu aliyekaa mbele yetu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Hawa kamba ilifunguliwa siku ileile waliyofika, na kuanzia hapo mgeni nikawa mimi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti ya watu mjini hapa nimeyatengeneza mengi, na nyuma ya nyumba yangu nilikuwa na banda la sungura la wavu na mabaki ya nondo, safi, lenye masanduku ya kuzalia na sehemu ya majani. Lilikuwa fahari yangu, nakiri. Nilikusudia kuwajengea kuku banda lao pembeni. Baba aliposikia hivyo alinigeukia kama vile nimemtukana.

"Kwetu mbuzi walilala na kuku," alisema. "Ndama walilala na kuku. Nyinyi wenyewe mlilala na kuku mkakua. Sasa sungura ni nani?"

"Baba, sungura ana mambo yake."

"Mambo gani? Huyo ni mbuzi asiye na pembe."

Kwa baba, kuwatenga wanyama ni jambo la watu waliogombana. Ndugu wakishagawana zizi, ujue hata misibani hawazikani. Kwa hiyo kila nilipotaja banda la pili, yeye alisikia kwamba namfukuza, na jibu lake lilikuwa ni lilelile: alivuta begi lake kutoka chini ya kitanda na kutangaza kwamba kesho anarudi Dutwa. Mke wangu anamwahi mlangoni, anampigia magoti, anamwandalia uji wa ulezi, begi linarudi chini ya kitanda. Nami nawaacha wanyama pamoja.

Sasa mtu ambaye hajafuga hivyo atasema, kwani kuna shida gani? Nitamwambia. Kuku hawalali chini. Walilala juu ya masanduku ya sungura, na vinyesi vyao vikadondokea kwenye majani, na sungura wakala majani. Sungura nao wanakojoa mno, kuku wakakanyaga tope hilo kutwa nzima, miguu ikaota magamba. Pumba ya kuku ililiwa na sungura wakaharisha. Matembele ya sungura yalichakurwa na kuku yakaishia nje ya wavu. Nilinunua chombo cha maji cha sungura, jogoo akakipindua. Nikakifunga kwa waya, akakalia.

La kuudhi kuliko yote lilikuwa la tetea mweusi. Sungura jike akikaribia kuzaa hujinyonyoa manyoya ya kifua na kuyatandika sandukuni. Huyu wangu alijinyonyoa siku nzima, akatandika kitanda laini, tetea mweusi akaingia, akakipenda, akataga. Kisha akaanza kuatamia. Kila sungura alipochungulia mlangoni alidonolewa pua. Akazaa nje, kwenye tope, na nilipotoka asubuhi vile vitoto vyekundu visivyo na nywele vilikuwa vimeshakufa. Nilimtoa tetea kwa mkia. Baba akasimama katikati yetu.

"Huyo anaatamia! Kuku anayeatamia haguswi!"

"Amesababisha kizazi kizima kufa, baba!"

"Sungura ndiye hana akili. Kwa nini hakuzaa kwingine?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Alisema fahali wawili hawakai zizi moja, na hakuwa akimsema jogoo.

Halafu kulikuwa na hili la malisho. Baba amechunga ng'ombe tangu hajaota meno ya ukubwa, na kwake mnyama aliyefungiwa ndani mchana ni mnyama mgonjwa. Mimi nikishaondoka kwenda karakana, yeye anachukua fimbo, anafungua banda na kuwatoa wote, kuku na sungura, akiwapigia mluzi uleule wa ng'ombe. Kuku walimwelewa. Sungura waliingia moja kwa moja kwenye bustani ya jirani yetu, mama mmoja mwenye duka la vitenge, mtu mstaarabu ambaye hakuwahi kupaza sauti. Jioni alinisubiri getini.

"Baba yako hajambo?" aliniuliza.

"Hajambo, mama."

"Alhamdulillahi. Mchicha wangu ndio wenye jambo."

Nikaomba radhi, kama nilivyoomba wiki iliyopita na iliyotangulia hiyo. Nikaingia ndani na kumkuta baba amekaa kwenye kigoda, anataka kunieleza nani amekula vizuri na nani hakula, sungura yupi anachechemea, kuku yupi amekwenda kutaga mbali. Alinieleza yote hayo kila jioni, mmoja baada ya mwingine, wala hakukubali kugusa chakula kabla hajamaliza. Nami mwenye njaa na macho yanayowasha kwa moto wa kuchomelea nilisema, "Sawa baba, sawa, nimesikia." Nilidhani ni uzee.

Nilimleta bwana mifugo. Aliinama kwenye banda, akainuka amekunja uso, akasema kinachotakiwa hapa ni kuwatenga, maana kuku na sungura wanaambukizana kuhara, na kuku hapaswi kuwa juu ya chakula cha sungura. Nilifurahi kupata shahidi. Nilitengeneza grili ya kugawa banda katikati, nikaipaka rangi, nikaileta nyumbani kwa mkokoteni. Baba aliipapasa kwa viganja kutoka juu hadi chini, kwa kuwa haoni vizuri, akaniuliza hili geti ni la gereza gani. Begi likatoka chini ya kitanda. Safari hii alifika hadi barabarani, akasimamisha basi kwa fimbo, na mke wangu ndiye aliyemwambia kondakta kwamba babu hasafiri. Grili ikaegemezwa ukutani, ikawa pa kuanikia nguo za watoto. Nilichoka. Nilimwambia mke wangu kwamba mtu mzima akitaka kwenda kufa peke yake porini, kuna kipimo cha kumzuia. Alinijibu kwamba siku hiyo ikifika, nisije nikamtafuta yeye wa kulia naye.

Kisha yule sungura jike akafa. Sikuwa nyumbani. Nilikuwa karakana, saa za mchana, na wateja wawili wamesimama wakinisubiri nimalizie dirisha lao, nikaona bodaboda inasimama na baba anashuka. Baba, ambaye alikuwa ameapa kwamba pikipiki haitambeba akiwa hai! Alikuwa amevaa koti lake la msibani. Mkononi alishika kipande cha ubao, na juu ya ubao, imewambwa kwa miiba kila pembe, ilikuwa ngozi ya sungura, imekwanguliwa vizuri.

Hakunikaribia. Alichuchumaa mbali kidogo, pale vumbi la chuma linapoishia, akaweka ubao mbele yake.

"Mwadila, mwenye mali," alisema.

Kwetu mdogo ndiye huanza kumsalimu mkubwa. Baba yangu mzazi alikuwa amechuchumaa chini ananianza kwa salamu ya mchana, mbele za watu, na mimi nimesimama na koleo mkononi. Nilizima mashine.

"Mwadila, baba. Inuka basi."

"Nisikilize kwanza. Yule jike amekufa. Alianza kuvimba tumbo asubuhi, nikamtembeza, hakutembea. Nyama nimeifukia, haifai. Ngozi yake hii, uione mwenyewe usije ukasema nimemla."

Wale wateja walitazamana. Walikuwa watu wa mbali, hawakujua. Mimi nilijua, maana nilikulia humo. Msukuma mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Anawagawa, wengine anamwekesha mtu mwingine awachunge. Huyo mchungaji anakunywa maziwa, analima kwa mbolea, ila ng'ombe si wake. Hauzi wala hachinji. Kila ndama akizaliwa anakwenda kutoa habari, na mmoja akifa anabeba ngozi, hata kama ni mwendo wa siku nzima, anaipeleka kwa mwenye mali ili ithibitike kwamba mnyama kafa na hakuliwa. Nimewaona watu wakija kwa babu yangu na ngozi kichwani, wakachuchumaa hivyohivyo.

Kumbe ndivyo baba alivyokaa nyumbani kwangu. Malisho yale, taarifa zile za kila jioni kabla ya chakula, yote hayo ilikuwa kazi. Alikuwa anachunga mali ya mtu ili ale ugali wa mtu. Nilipata aibu, nikakasirika kwa nini anitie aibu mbele ya wateja, halafu aibu ikarudi kubwa kuliko ya kwanza.

"Sina deni," aliendelea. "Ngozi umeiona. Sasa mimi nimezeeka, sioni, wanyama wa watu wananifia mikononi. Chukua mifugo yako unipe ruhusa. Kesho naondoka."

Hakuwa na begi safari hii wala hakupaza sauti, na kwa sababu hiyo niliogopa. Nilijua nikisema, "Acha hayo baba, hapa ni kwako," angeyasikia kama mchungaji yeyote anavyosikia maneno matamu ya tajiri. Kwa hiyo nami nikachuchumaa, magoti yakigusa ubao. Nikaichukua ngozi kwa mikono miwili, nikaipapasa manyoya.

"Nimeipokea," nilisema. "Umechunga vizuri. Ila mchungaji aliyeleta ngozi haondoki bure. Kwetu anapewa mtamba. Kachague jike mmoja kati ya wale wadogo, awe wako, si wa kuchunga. Wako."

Mteja mmoja alianza kusema kitu kuhusu dirisha, mwenzake akamvuta shati.

"Nitampeleka wapi?" baba aliuliza hatimaye. "Dutwa mbwa watamla siku hiyohiyo."

"Niwekeshe mimi."

"Wewe?" Aliinua uso akajaribu kuniona. "Wewe unawarushia kandambili."

"Nitakuwa na adabu. Na nitakuletea habari kila jioni."

Akanyoosha mkono nimwinue. Nilimpeleka nyumbani mwenyewe, dirisha la watu likalala. Pale bandani alimkamata kila sungura, akampima uzito kwa kiganja, akampuliza manyoya ya mgongoni, na bila shaka akachagua aliye bora kuliko wote, yule niliyekuwa nimemweka kwa ajili ya mbegu. Nilimwambia amechagua vizuri.

Nilipoona amefurahi nikadhani nimepata nafasi yangu. Nikaigusa ile grili pale ukutani, nikamwambia kwa upole kwamba sasa kwa kuwa naye ana sungura wake, tungeitia tu hapa katikati, wasije wakafa wengine kwa kuhara. Jogoo alikuwa ameshapanda juu ya mgongo wa sungura wa baba na anajitayarisha kuwika.

"Ondoa chuma chako," baba alisema, huku akikaa kwenye kigoda na kuvua koti la msibani. "Hapa kwangu kuku na sungura wanalala pamoja."