Ekari ya Kukhu na Tisheti za Njano

Chokaa mbichi ina harufu kali inayokaba koo, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya majuma yanayotangulia Pasaka. Kanisa letu liko Kitale, nyuma ya maghala ya mahindi, na kila mwaka mvua ndefu zilipokaribia kamati ilitangaza siku ya usafi. Wamama walifyeka nyasi. Wazee walisimama mikono nyuma wakionyesha kwa kidevu mahali ambapo nyasi zilikuwa zimebaki. Sisi watoto tulipewa brashi kuukuu na ndoo ya chokaa, tupake mawe yaliyozunguka uwanja. Tuliyapaka yakang'aa. Jioni mvua ikanyesha, na kufika Jumapili mawe yalikuwa yamerudi rangi yao na chokaa yote iko kwenye mtaro. Mwaka uliofuata tulirudia vile vile. Katika watu wazima wote wale, wenye vyeti na vyeo na suti za kushonesha, hakuna hata mmoja aliyewahi kusema labda tungoje mvua ikatike. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa naona haya kuongea mbele ya watu hata kuomba ruhusa ya kwenda choo, kwa hivyo na mimi sikusema. Sasa nina kumi na saba. Bado naona haya. Ndiyo maana naandika.

Mwaka huo ninaousimulia, kamati ya uinjilisti ilipata mwenyekiti mpya, Mama Doreen. Alikuwa anafanya kazi katika ofisi ya serikali na alitangaza mambo ya kanisa kama mtu anayesoma waraka. Alisimama Jumapili moja baada ya sadaka akasoma ratiba ya msimu: usafi, mazoezi ya kwaya, mkutano wa injili sokoni, kutembelea wagonjwa, halafu kilele chake, Jumamosi kabla ya Pasaka, kanisa zima litaenda kumpandia mjane mmoja shamba lake. Jambo lote lilipewa jina, Masika ya Neema, na jina lilichapishwa kwenye tisheti za njano pamoja na tarehe. Kitale hakuna mtu anayesema masika isipokuwa mtoto anayetafuta alama kwenye insha, lakini watu walipiga makofi. Kisha Mama Doreen akauliza nani anamjua mjane anayestahili. Anayestahili! Nikaona mkono wa mama yangu unapanda juu. "Mimi mama yangu mzazi ni mjane," akasema. "Yuko Naitiri. Analima peke yake tu." Nilimwangalia nikadhani amechanganyikiwa. Lakini hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa amekaa viti vya nyuma miaka minne akitamani kamati, na Jumapili iliyofuata alikuwa amekaa mbele, na karatasi mkononi.

Kukhu, yaani nyanya yangu, hakuwa analima peke yake. Alikuwa na wenzake sita, majirani, ambao kila msimu walipandiana mashamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na wakimaliza wanakula kwa mwenye shamba. Mwaka uliotangulia nilikuwa huko likizo ya Aprili na nilipanda nao. Kukhu alinifundisha kazi yake mwenyewe bila maneno mengi. Unatia mbolea kwenye shimo kwa kifuniko cha soda, kimoja, hakijai sana. Halafu, na hapa ndipo alinishika mguu kabisa ili nielewe, unasukuma mchanga kidogo kwa kidole gumba cha mguu, ufunike ile mbolea. Ndipo unaweka mbegu mbili, ndipo unafukia. Mbegu ikilala juu ya mbolea moja kwa moja inaungua. Wale wamama sita walienda mstari mzima hivyo, kifuniko, kidole, mbegu, wakipiga umbea bila hata kuangalia chini. Mama alipompigia simu kumwambia wageni wanakuja, Kukhu aliomba wenzake wairuke zamu yake. Ungefanyaje? Mtoto wako amekuletea kanisa zima.

Tulifika na basi la shule tulilokodisha, saa nne, tukiimba tangu Kitale. Watu arobaini wa njano walishuka kwenye boma la Kukhu, kuku wakakimbilia nyuma ya jikoni. Kukhu alikuwa miguu mitupu na ameshika jembe. Mama Doreen alimnyang'anya jembe kwa upole, kama vile unavyomnyang'anya mtoto kisu, akamvisha shingoni shada la karatasi za kumetameta, lile la mahafali, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya ukuta wa nyumba. Mtu wa simu, yule wa kupiga picha, akachuchumaa mbele yake. "Kukhu, cheka kidogo. Kidogo tu. Eeh, hapo." Kukhu hakucheka. Alikuwa anaangalia juu, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha mara moja tu juma lile na mwenyewe alikuwa anangoja ya pili. Lakini mvua ya pili haikuwa imechapishwa kwenye tisheti.

Mbegu ilikuwa ya Kukhu, yote ya msimu, kwenye debe aliloliweka chini ya kitanda. Mbolea ililetwa na kanisa, na ilikuwa nyingi. Walijipanga mistari, kwaya ikaanzisha wimbo, na kazi ikaenda mbio kwa sababu kulikuwa na mashindano kati ya wanaume na wanawake. Walitia mbolea kwa kiganja. Juu ya kiganja cha mbolea wakaangusha mbegu, wakafukia, wakapiga hatua, haleluya. Niliona mzee mmoja wa kanisa, mtu wa kutoa ushauri katika ndoa za watu, akitupa mbegu kwenye shimo akiwa amesimama wima ili asiinamishe mgongo. Kukhu aliinuka kwenye kiti na shada lake shingoni.

"Mama, hiyo mbolea ni mingi," akamwambia Mama Doreen. "Na mmesahau mchanga katikati. Mbegu itaungua."

"Kukhu, leo wewe ni bibi arusi," Mama Doreen akasema, na akageukia watu ili wasikie. "Si bibi arusi hapikii wageni kwa arusi yake? Kaa tukutumikie!"

"Lakini mchanga..."

"Mungu wetu si maskini wa mbolea, Kukhu!" kijana mmoja wa kwaya akapaza sauti. "Wekeni bana, wekeni mbili mbili!" Watu wakacheka, wakasema amina.

Mama yangu alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Alikuwa amelelewa kwenye shamba hilo hilo, kidole chake kilifundishwa kabla ya changu. Aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kukhu akarudi kwenye kiti, akaniita kwa kichwa. "Nasimiyu. Wewe unajua. Enda uwaambie, mimi wananiona mzee tu." Ilikuwa ni mara ya kwanza mtu mzima kunituma na jambo zito. Nikaenda. Nilitembea katikati ya mistari hadi alipokuwa Mama Doreen, nikasimama mbele yake, na maneno yote yalikuwa tayari mdomoni, kifuniko kimoja, mchanga kidogo, halafu mbegu. Akainama na uso wake wote, na marashi yake. Watu wakaacha kuimba kidogo ili kusikia. "Eeh, mrembo, unataka nini? Unataka soda?"

Nikasema ndiyo.

Nililetewa soda. Nikainywa, yote, nimesimama pale pale, huku wakimaliza ekari ya Kukhu kwa saa mbili na mtu wa simu akiwapanga kwa picha ya mwisho. Sijawahi kuandika jambo hili mahali popote, na nimeandika mambo mengi kuhusu watu wengine.

Nilibaki kwa Kukhu likizo. Mvua ya pili ilichelewa, likawaka jua kali, kisha ikaja. Kwa majirani mahindi yakachomoza, visu vidogo vya kijani vilivyosimama kwenye mstari. Kwetu kulikuwa kweupe. Siku ya kumi na mbili Kukhu alichukua kijiti akaanza kufukua shimo baada ya shimo. Mbegu zilikuwa za kahawia, laini, ukizibonyeza zinatoa maji yenye harufu ya uchachu. Mahali pengine pengine, peke yake kabisa, mmea mmoja ulikuwa umesimama, na ukifukua hukuti mbolea hata chembe. Kukhu alisimama juu ya mmoja wa hiyo akautazama muda mrefu. "Huyu aliyekuwa hapa alikuwa mvivu," akasema. "Mungu ambariki."

Hapo ndipo nikalia. Nikamwambia sikusema, niliomba soda. "Niliona," akasema. Akaendelea kufukua. Baada ya mashimo mawili matatu akauliza, "Ilikuwa baridi?" Nikasema haikuwa baridi. "Ona sasa," akasema, na hilo ndilo pekee alilowahi kuniambia juu yake.

Wenzake sita walirudi. Walileta mbegu za kienyeji zilizobaki majumbani mwao, za rangi rangi, wakarudia ekari nzima mwezi wa Mei, na siku hiyo hakuna aliyepiga umbea. Lakini Mei ni Mei. Mahindi yalibaki mafupi, mengi yakabeba magunzi matupu, na Krismasi ilipofika ghala la Kukhu ulikuwa unaona sakafu yake. Januari alikuja kukaa kwetu Kitale hadi msimu mwingine. Mwanamke ambaye hakuwahi kula unga wa mfuko alikaa jikoni kwetu akisonga ugali wa mfuko na kuuonja. Mama aliwaambia watu wa kanisa kwamba Kukhu amekuja kwa ajili ya kliniki ya macho. Macho ya Kukhu yalikuwa yanaona sindano gizani.

Kabla ya hayo, mwezi wa saba, kulikuwa na Jumapili ya Shukrani. Picha zilionyeshwa ukutani kwa mashine, kubwa, moja baada ya nyingine: njano, njano, njano, Kukhu na shada lake, mgongo wa mzee aliyepanda akiwa wima. Mama Doreen alisema ekari moja kwa saa mbili, na watu wakasimama wakapiga makofi ya kilo, yale ya pamoja kwa mpigo mmoja. Mama alikuwa amemleta Kukhu na alikuwa amemwandikia maneno ya kusema, kuhusu kijani kibichi na neema. Kukhu alipewa maikrofoni. Hakuifungua ile karatasi. "Asanteni kwa kunitembelea," akasema. "Mlifika salama na mkarudi salama." Akakaa. Nilidhani atawaumbua, na nilikasirika hakuwaumbua. Nje nilimwuliza kwa nini hakusema haikuota. Alinitazama kama mtoto mjinga. "Ningesema," akajibu, "si wangerudi kupanda tena?"

Miaka sita imepita. Ratiba ya msimu ilisomwa tena Jumapili iliyopita, na Mama Doreen bado ni mwenyekiti, maana katika kanisa letu cheo kinaachwa kwa kifo au uhamisho. Baada ya ibada tulibaki kwenye kikao, kamati na vijana, kupanga safari. Mara hii ni mjane wa Kamukuywa, Jumamosi kabla ya Pasaka, shamba karibu na barabara ili basi lifike. Mama Doreen alisoma: kuimba, kupanda, picha, chakula. Akauliza kama kuna swali, akawa tayari ameanza kukunja karatasi.

Nikainua mkono. Nilijua nimeinua kwa sababu niliona watu wananitazama.

"Nasimiyu! Kumbe huyu huongea?" Wakacheka. Sauti yangu ilitoka nyembamba, ya kuaibisha, lakini ilitoka. Nikasema mbolea isiguse mbegu. Nikasema lazima mchanga ukae katikati. Mama Doreen akasema sawa mrembo, hiyo ya mbolea tutaangalia huko huko. Nikasema Naitiri mliambiwa na hamkuangalia. Nikasema ekari ya Kukhu haikuota, iliungua yote, na mwaka ule alikula kwetu. Kijana wa kwaya, ambaye sasa ana kitambi na watoto wawili, alitazama viatu vyake. Mama Doreen akasema ati hiyo ni mara ya kwanza kamati kusikia habari kama hiyo, na kwamba vijana wa siku hizi wana lugha, akamgeukia mama yangu amkanushe mtoto wake.

Mama alikuwa na kalamu mkononi, yeye ndiye mwandishi wa kikao. Aliiweka chini. "Ni kweli," akasema. "Haikuota. Mimi ndiye niliyenyamaza."

"Basi," Mama Doreen akasema haraka, "tufumbe macho tuombe." Tukaomba, sana, juu ya umoja, juu ya ulimi, juu ya roho ya malalamiko. Hakuna aliyeombea ekari.

Sitadanganya kwamba kanisa limebadilika. Wataenda Kamukuywa, wataimba, watamvisha yule mama shada na kumpiga picha, na watarudi wakijisikia wema mno. Nilipokuwa na miaka kumi na moja niliwadharau kimya kimya na dharau yangu haikumsaidia mtu. Ilikuwa tamu tu, kama ile soda. Sasa nawadharau kwa sauti, sauti mbaya inayotetemeka, na tofauti yake ni neno moja. Mama alipochapa ratiba upya juzi usiku, niliisoma juu ya bega lake. Pale palipokuwa pameandikwa kupanda, ameandika kutembelea. Mbolea itashushwa na kuachwa kwenye gunia lake. Kuna mwanamke Kamukuywa ambaye simjui na hatanijua, na ekari yake ataipanda mwenyewe, na wenzake, siku atakayoona mvua imetosha.