Dereva Aliyemeza Maneno

Siku hizi idara ya elimu ya kituo cha sanaa ina basi jeupe lenye kiyoyozi, na vijana wake huenda mashuleni na vipaza sauti vidogo vya kubana kwenye kola. Mwalimu Sauti, bibi aliyestaafu zamani, huwaona wakipita mbele ya dirisha lake, huwapungia mkono, kisha huguna. Si kwamba anawaonea kijicho. Ila kwa maoni yake, mtu ambaye hajawahi kusukuma gari bovu akiwa amevaa taji la mfalme hajaionja kazi ile sawasawa.

Enzi zake idara nzima ilikuwa watu watatu na gari moja lililowaka likipenda. Yeye alikuwa mwalimu. Mama Masanduku, mwanamke wa makamo ambaye ulimi wake kweli haukuwa na mfupa, alitunza mavazi na kulala juu yake safarini. Wa tatu alikuwa dereva, kijana mrefu, mpole kupita kiasi. Ukimsalimu, alihakikisha kwanza kwamba ni yeye anayesalimiwa ndipo akujibu. Walizunguka kwenye shule, kwenye wodi za watoto, hata nyuma ya soko. Walicheza mchezo hadi katikati, wakausimamisha, na watoto wakapanda wenyewe kuumalizia.

Hilo jina la Sauti alibandikwa na watoto. Alisimama nyuma kabisa, mgongo ukutani, na mtoto akinong'ona jukwaani yeye alipaza, "Sauti, mwanangu. Sikusikii." Alimrudisha mtoto tena na tena, mpaka yule aliyezoea kuongea na vidole vya miguu yake akasikika hadi jikoni kwa wapishi. Zilikuwa siku tamu zile. Walirudi jioni makoo yamewakauka, vumbi mpaka kwenye kope, wakichekea mambo ambayo ukimsimulia mtu leo hayamchekeshi hata kidogo.

Michezo yenyewe haikuandikwa. Mwalimu alitoa kisa, akagawa nafasi, na kila mmoja alijitafutia maneno yake popote alipokuwa, mpaka yakakaa mdomoni. Mama Masanduku aliweza kumsuta mume wa kwenye mchezo huku anamenya vitunguu nyumbani kwake, majirani wakadhani kumekucha. Na kwa kuwa watu walikuwa wachache, hakuna aliyesalimika. Mwaka ule walikuwa na kisa cha msichana anayetaka kuendelea na shule wakati mchumba ameshabisha hodi, msichana alikuwa Mwalimu mwenyewe, na mchumba, atake asitake, alikuwa dereva.

Masikini, kipaji hakuwa nacho hata cha dawa. Aliyameza maneno yote. Akisimama kuposa, ungedhani anaomba radhi kwa kumkanyaga mtu mguu.

Basi jioni moja walikuwa wakirudi kutoka shule ya mbali, wakasimama kwenye kivuko cha reli kupisha treni. Mama Masanduku alikuwa anakoroma huko nyuma. Dereva alikohoa, akaukaza mkono kwenye usukani.

"Mwalimu," alisema, "nimekufikiria muda mrefu. Mama yangu naye kila siku ananiuliza habari zako. Ningependa tuishi pamoja, kama na wewe utapenda."

Mwalimu Sauti alifurahi kweli. Hatimaye kijana alikuwa ameanza kutafuta maneno yake.

"Afadhali leo," alimwambia. "Lakini hilo 'ningependa' linakufia mdomoni. Na usiangalie chini. Hebu rudia."

Dereva aliyatazama mabehewa yakipita. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutii, akarudia.

"Sauti," alisema Mwalimu.

Akarudia tena, sasa kwa sauti, na safari hii alimtazama usoni.

"Umeona? Kumbe unaweza. Kesho fanya hivyohivyo," Mwalimu alisema, akaegemea kiti na kufumba macho apumzike.

Kesho yake dereva alicheza vibaya kuliko siku zote. Wiki haikuisha akamwambia mkurugenzi wa kituo kwamba amepata kazi ya lori la masafa marefu, mwisho wa mwezi anaondoka. Mwalimu alikasirika. Alikwenda chumba cha mavazi akalalamika wee: watu hawana shukrani, mtu unamfundisha mpaka anaanza kuiva, anakukimbia, na sasa mchumba atakuwa nani? Mama Masanduku, pini mdomoni, alimwacha mpaka akachoka. Kisha akazitoa zile pini.

"Hivi yule mchumba wa kwenye mchezo ana mama?"

"Hana. Ni yatima."

"Nani kamfanya yatima?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Basi yule mama aliyekuwa anauliza habari zako pale kwenye reli ni mama wa nani?"

Mwalimu alikaa juu ya sanduku. "Si ulikuwa umelala?"

"Nalaza mwili, mwanangu. Masikio silazi. Mtoto wa watu kajikaza kakuambia mara tatu, wewe unampa maksi."

Kinyozi hajinyoi. Mwalimu alibaki pale akikumbuka mambo ambayo alikuwa ameyapokea bila kuyatazama: kiti cha mbele kilichofutwa vumbi kila asubuhi, chupa ya maji ya uvuguvugu kwa ajili ya koo lake, jinsi gari lilivyopunguza mwendo kwenye mashimo yeye akisinzia. Alimpenda yule mtu. Alikuwa amempenda muda mrefu, akiita jambo hilo kazi. Na sasa lori lingemchukua, na aliyemfukuza alikuwa yeye mwenyewe.

Alimkuta gereji, yuko chini ya gari, miguu tu ikionekana. Ikabidi aongee na viatu.

"Nilidhani ni mchezo," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi.

Spana ikaacha kugonga. "Najua."

"Kwa nini hukuniambia kwamba si mchezo?"

"Uliniambia nirudie. Nikajua umekataa kwa adabu."

"Sikukataa." Alitazama mafuta yaliyomwagika sakafuni. Watoto wangapi alikuwa amewafundisha kusimama wima na kusema? "Mimi pia nimekufikiria."

Dereva alijivuta nje, akakaa anafuta mikono kwa tambara, kidole kwa kidole.

"Hapana yako nilishaizoea, Mwalimu," alisema. "Nipe muda niizoee na ndiyo yako."

Akaondoka na lile lori. Idara ilipewa dereva mpya, mchangamfu, aliyeongea kama redio kutoka getini hadi getini, na Mwalimu hakumsikia hata neno. Kila lori lililopita aligeuka. Mashuleni alianza kusahau kudai sauti. Mtoto alinong'ona hadi mwisho, naye alisimama pale ukutani akitazama mlango. Alikuwa na hofu kwamba yule mtu ataizoea barabara kabla ya kuizoea ndiyo.

Mvua zilikuja zikakatika. Ndipo Jumapili moja dereva akaja na mama yake na mjomba wake nyumbani kwa baba mdogo wa Mwalimu, aliyemlea tangu utotoni. Baba mdogo alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, na alipenda maneno yatamkwe kama kiapo. Mwalimu aliwekwa chumba cha pili, nyuma ya pazia la mlango, mama mdogo akimlinda asichungulie. Mjomba mtu alizunguka mbuyu kwa ufasaha mkubwa. Baba mdogo akamkatisha, akasema anataka kumsikia kijana mwenyewe.

Kiti kilisogea. Kisha ukaja mnong'ono ule ule, ukianza na kuzama, ukianza tena.

"Sikusikii, kijana," alisema Baba mdogo. "Paza sauti. Rudia."

Mama mdogo alimshika Mwalimu nguo, lakini alichelewa. Pazia lilikuwa limeshafunguka.

"Asirudie, Baba mdogo," alisema. "Mimi nimemsikia."