Picha Iliyosema Mjane Amefurahi

Walimdhulumu Qamara mara mbili. Kwanza kijana mgeni alichukua uso wake siku ya kumaliza maziko ya mumewe, bila kumwomba, akaupeleka Katesh akaufanya picha ya maonyesho, na chini yake akaandika "Mjane Mwenye Furaha." Halafu shemeji yake Gidashang, aliyekuwa amesimama pale kaburini na kuyaona machozi kwa macho yake mwenyewe, akaigeuza picha ile kuwa ushahidi. Alisimama mnadani Balangdalalu katikati ya ng'ombe na wanunuzi, akainua simu juu.

"Tazameni! Mke wa marehemu kaka yangu alifurahi. Sisemi mimi. Imesema mashine."

Gidashang huyo hajawahi kuamini hata mizani ya mnadani, lakini siku hiyo aliamini mashine.

Alichokitaka hakikufichika. Mjane aliyefurahia kifo cha mumewe haachwi katika boma la marehemu. Anarudishwa kwao mikono mitupu, na ng'ombe wake wa maziwa wanabaki kwa mtu wa kuwatunza, na mtu wa kuwatunza angekuwa nani kama si Gidashang? Wazee wa ukoo walisema watalikalia kikao jambo hilo mvua zikianza. Mawingu yalikuwa yameshaanza kuushika mlima Hanang.

Qamara hakukaa ndani kulia. Alijifunga shuka lake vizuri, akaenda Katesh kuuona uso wake.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Picha yenyewe haikuwa ya karatasi. Ilikuwa mwanga uliotupwa ukutani, mrefu kuliko mlango wa kanisa, na juu yake palikuwa na jicho dogo la kamera. Mtu akisimama mbele, jicho lilimtazama usoni, likakisia kilichomo moyoni mwake, na rangi za picha zikageuka kumfuata. Aliyetabasamu alimwagiwa njano. Aliyekunja uso alipandishiwa nyekundu, kama moto unavyopanda kwenye nyasi kavu. Mtoto wa shule mmoja alitoa ulimi na ukuta mzima ukawa kijani. Watu wakapiga kelele, wakasukumana, kila mmoja akitaka zamu yake.

Qamara alikuwa amekuja na hasira kifuani, lakini moyo ulimruka. Hakutaka uruke, na uliruka hivyo hivyo. Hajawahi kuona kitu kizuri namna ile. Na katikati ya uzuri wote ule ulikuwepo uso wake mwenyewe, mdomo wazi, mashavu juu, unang'aa njano kama alizeti.

Kijana mwenye picha alimsogelea. Aliitwa Hilary, Mwiraqw wa Nambis, huko juu Mbulu, aliyekwenda kusomea uchoraji Dar es Salaam.

"Shikamoo, mama. Karibu usimame mbele, usiogope."

"Marahaba. Huyu ukutani ni nani?"

"Ni mjane mmoja wa huko chini. Nilipelekwa na shemeji yake kwenye maziko ya mzee."

"Na amefurahi nini?"

"Hapo ndipo penye ajabu, mama! Ni akili mnemba. Imefundishwa kuzitambua hisia za watu. Mimi nimeipa uso tu, yenyewe ikasema furaha."

"Ruhusa ya huo uso umeipata wapi?"

Hilary akafungua mdomo kujibu, kisha akamtazama vizuri. Aliziona alama za duara zilizochanjwa kuzunguka macho. Akageuka kutazama ukutani. Akarudi kumtazama yeye.

"Baraza la wanawake linakuita," Qamara akamwambia. "Uje na shahidi wako."

"Shahidi gani, mama?"

"Huyo aliyesema nimefurahi."

Kijana wa mjini angeweza kucheka. Hilary hakucheka, kwa sababu alimpigia simu mama yake Nambis, na mama yake alimwambia: "Wanawake wa Kibarabaig wakikuita, nenda. Ukikataa na wakakulaani, usije hapa kwangu." Akaazima runinga kubwa na jenereta, akapakia kwenye pikapu pamoja na kompyuta na kamera yake, akashuka.

Siku ya baraza nyasi zote za mteremko zilijaa wanawake. Walikuja na fimbo zao, na shanga zao, na sketi za ngozi ambazo wengine hawakuwa wamezivaa tangu harusi. Wanaume waliambiwa wakae mbali, nao wakakaa mbali. Gidashang alikalishwa peke yake kwenye jiwe, kwa sababu naye alikuwa mshitakiwa. Aliyeongoza ni Bibi Mkunga, kikongwe aliyewapokea duniani nusu ya watu wa pale, Gidashang akiwemo.

"Mleteni shahidi," akasema.

Hilary akaiweka runinga juu ya meza, akawasha jenereta.

"Ashike majani aape."

"Bibi, haina mikono."

"Inasema maneno ya kumfukuza mtu kwake, na haina mikono?"

"Haina, bibi."

"Basi wewe mwenye mikono uishikie."

Hilary akang'oa majani, akayashika kwa mkono mmoja, na mwingine akauweka juu ya runinga. Hakuna aliyecheka. Kiapo ni kiapo.

Kisha Bibi Mkunga akajikokota mwenyewe mpaka mbele ya kamera, akakaa. Akasema atawaimbia wanawe waliotangulia, ili mashine imwambie ana nini moyoni. Akaimba. Ule wimbo wa maziko hauimbwi mdomo ukiwa umefumbwa; unaufungua mdomo wote, unainua mashavu, sauti inatokea juu ya kichwa. Alama zilizozunguka macho yake zikajikunja. Wanawake wengi wakaitikia, midomo wazi, machozi yakiwatoka.

Runinga ikawaka njano tupu.

"Imesemaje?" Bibi akauliza.

Hilary akakisoma kioo. "Imesema furaha, bibi."

Mwanamke mmoja nyuma akaropoka: "Bibi, kumbe miaka yote unatudanganya!" Baraza zima likaangua kicheko. Bibi Mkunga naye alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja kama mwanamke mwenye adabu anavyocheka, macho tu yakionekana. Runinga ikageuka zambarau.

"Na hii?"

"Imesema hofu."

Hapo ndipo baraza lilipovurugika! Kila mtu alitaka kusomwa. Mmoja alisimulia fisi alivyomla ndama wake, akaambiwa amefurahi. Wengine wakapanga foleni, wengine wakairuka. "Nitazame mimi!" "Toka, wewe uso wako hata mumeo haujui!" Hilary akawa anakimbia kutoka kwa kamera kwenda kwa runinga, jasho linamtoka, anacheka, anashika kichwa.

"Ilifundishwa kwa nyuso za watu wa mbali," alisema alipopata nafasi. "Huko mtu akilia anafumba mdomo, anainama. Haijawahi kuwaona ninyi. Mimi ndiye niliyeiamini. Mama Qamara, uso ule niliuchukua bila kukuuliza."

"Sasa muulize," akasema Bibi Mkunga.

Hilary akageuka. "Mama, siku ile ulikuwa na nini moyoni?"

Gidashang pale kwenye jiwe alinyoosha shingo. Qamara angeweza kusema huzuni, basi, yakaisha. Lakini alikuwa amechoka kusemewa, na alipopata kusema mwenyewe hakutaka kupunguza kitu.

"Nililia," alisema. "Na nilijivuna, sitaficha. Watu walitoka hata Mbulu kuja kumjengea mume wangu kaburi la mzee mkubwa. Ningekosaje kujivuna? Na niliogopa. Wakati sisi tunaimba, nilimwona Gidashang anahesabu ng'ombe kwa macho."

Vigelegele vilivyopigwa viliwafanya wanaume kule mbali wasimame kuona kuna nini.

Hilary hakungoja kuambiwa. Alipiga magoti mbele ya kompyuta yake. "Basi isikisie tena. Semeni ninyi wenyewe, na rangi iwafuate. Huzuni iwe nyeusi?"

Alizomewa! "Nyeusi ni wingu la mvua!" "Nyeusi ni baraka, kijana, mama yako hakukufundisha?" "Huzuni ni vumbi la kiangazi!" Wakabishana kwa raha kubwa. Huzuni ikapewa rangi ya vumbi. Kujivuna kukapewa wekundu wa udongo mbichi, ule wa kaburi lililosiribwa asubuhi. Juu ya hofu hawakuelewana mpaka Qamara aliposema ni nyeupe, kama maziwa yaliyomwagika, na wote wakaona ndiyo.

Uso wake ukarudi kwenye runinga. Vumbi liliushukia taratibu, wekundu ukapanda kutoka kidevuni, weupe ukazunguka macho. Wanawake wakaanza kuimba, na kwa kila mmoja aliyesema neno lake rangi nyingine iliingia, mpaka kioo kikawa kinatembea kama mbuga mvua ikiipiga kwa mbali. Qamara akasogea karibu na kioo. Aliuona uso wake, na mara hii ulikuwa wake.

Baraza likatoa hukumu kabla jenereta haijazimwa. Hilary alete pombe ya asali, afute jina lile, na picha mpya iende Katesh na maneno ya wanawake. Alifanya yote. Siku ya kufungua, foleni ilifika barabarani, na watu walioingia hawakukisiwa: waliulizwa. Hata wazee wa ukoo waliingia, wakaulizwa nao. Mvua zilipoanza hawakulikalia tena jambo lile. Qamara yuko kwake, anakamua ng'ombe wake.

Gidashang alitozwa vitu viwili: kwanza asimame mnadani aseme kweli, kisha alete dume jeusi la ng'ombe. Dume alilileta upesi, jema, limenona. Wanawake wamelifunga kwenye uzio wa Bibi Mkunga, wanalikatia majani, na hawajalichinja. Hawatalichinja mpaka lile la kwanza litimie.

Mnada umefanyika na kufanyika tena. Gidashang anafika, ananunua, anauza, anapita upande wa pili watu wakimtazama. Kinachodaiwa si kikubwa. Ni maneno mawili ya kusemwa kwa sauti ileile, mahali palepale: "Nilimwona akilia." Anayedaiwa ni yeye Gidashang, na hajalipa.