Nafasi ya Tulia

Mtaa mzima ulimwita shemeji yangu Tulia, kwa sababu ndilo neno alilokuambia tangu unakaa kwenye kigoda cha studio yake mpaka unainuka. "Kidevu juu. Tulia. Tulia hapo hapo." Miaka thelathini na moja alipiga picha za paspoti, za harusi, za mahafali, za watoto wanaolia hadi kamasi zinawatoka. Na katika miaka hiyo yote ya kuishi na dada yangu, hawakuwa na picha hata moja ya wao wawili peke yao. Siku ya harusi yao wenyewe alimnyang'anya mpiga picha kamera, eti anaharibu mwanga, akapiga mwenyewe mpaka keki ikaisha. Wanasema mganga hajigangi, lakini huyu alizidi.

Dada alikuwa fundi cherehani, maneno machache, mkasi mkali. Daktari alipomwambia moyo wake umechoka, hakulia mbele ya mtu. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akamwambia mumewe anataka kuliona lile ziwa kubwa alilolisikia redioni tangu utotoni, na anataka picha huko. "Si yangu," akasema. "Yetu."

Tulia alikubali siku hiyo hiyo. Alimpenda, hilo sitamnyima hata nikiwa na hasira. Kamera yake nzito aliiacha studio, akanunua ndogo ya kutia mfukoni, pamoja na stendi ndogo ya miguu mitatu inayopindika upendavyo, urefu wake kama kiganja na nusu. Alituonyesha kwa madaha: unaizungushia mgongo wa kiti, ukingo wa daraja, tawi la mti, unabonyeza, kamera inahesabu sekunde kumi, wewe unakimbia kukaa na mkeo. Dada aliigeuzageuza akasema ni buibui aliyedhulumiwa miguu mitano. Tukasafiri watatu kwa siku tano, mimi nikiwa mbeba mikoba.

Kiungo cha mguu mmoja wa stendi kilikuwa kimelegea tangu siku ya kwanza. Kila walipoinuka kwenda kuichukua kamera, waliikuta imeinamisha uso, inatazama chini.

"Mzee, hiki kidude kinainama kabla hakijapiga," dada akasema.

"Kinainama kikishapiga. Mlio husikii? Kwanza mlio, ndipo kinainama."

Dada akachomoa kipande cha lastiki nyeusi kwenye mkoba wake. "Lete nikifunge."

"Kamera haifungwi kwa lastiki ya sketi, mke wangu. Wateja wakiniona watasemaje?"

"Wateja gani huku? Hawa bata?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ningejua, ningekifunga mwenyewe.

Halafu Tulia alikuwa na mwiko wake. Kazi alijifunza zama za filamu, na fundi aliyemfundisha alimkataza kuhesabu picha kabla hajafika nyumbani. Filamu zilishakufa, mwiko akabaki nao. Akipiga tu, anazima kioo cha kamera. Dada alimwomba kwenye basi, akamwomba kwenye nyumba ya wageni. "Nionyeshe hata moja." Jibu lilikuwa lile lile: "Utaziona nyumbani, mke wangu, zimetulia."

Siku ya mwisho walikaa kwenye benchi mbele ya ziwa, stendi imejikunja kwenye reli ya chuma. Kabla Tulia hajainuka kubonyeza, ikaja familia ya watu tusiowajua, bibi na wajukuu wake, wakaomba awapigie kwa simu yao. Mtu mwingine angepiga moja akarudi. Yeye alianza kuwapanga, mrefu nyuma, mfupi mbele, kidevu juu, tulia. Mimi nikaenda kutafuta chai. Niliporudi, dada alikuwa peke yake kwenye benchi, anatabasamu, na basi letu lilikuwa linapiga honi. Tulia alikuja mbio, akatupia vitu vyote kwenye begi bila kuvitazama, tukaondoka.

Tulirudi ukiwa msimu wa mahafali, studio imejaa majoho. Kila jioni dada aliuliza, "Picha zangu?" na kila jioni akajibiwa kesho. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema mara moja, bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa anashona. Wiki ya tatu, Jumatano mchana, nilimkuta amelalia meza ya cherehani, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Alikuwa ameshakwenda.

Tulihitaji picha ya kuweka mbele ya watu siku ya mazishi. Tulia alikaa kwenye kompyuta, mimi nikasimama nyuma yake. Picha arobaini na mbili. Alifungua ya kwanza: magauni, mikono, viatu. Ya pili hivyo hivyo. Darajani, sokoni, chini ya mti, watu wawili wamekaa karibu karibu, wamekatwa shingoni. Vitambaa nilivijua, maana dada alishona shati la mumewe na gauni lake kwenye jora moja. Mkono wake ulikuwa kwenye goti la mumewe kila mahali. Nyuso hakuna. Nilikuwa nimejiandalia matusi ya kumtosha mwaka mzima, nikaanza kuyatoa.

Ya mwisho ikafunguka. Ziwa, benchi, na dada yangu mzima, uso wote, anacheka kama aliyemshinda mtu. Amekaa pembeni kabisa mwa benchi. Mkono wake umewekwa juu ya ile nafasi iliyobaki, na macho yake yametazama kando, kule alikokuwa mumewe akiwapanga watu wasiomhusu.

Tulia alienda kwenye begi akaitoa stendi. Mguu uliolegea ulikuwa umefungwa lastiki nyeusi, mizunguko mitatu, na fundo la fundi cherehani. Alikaa sakafuni nayo. Sijawahi kumsikia mwanamume akilia vile, na sitaki kusikia tena.

Tuliipeleka picha kwenye duka la kuchapisha ikuzwe. Mama mwenye duka aliitazama, akamtazama na Tulia, akaelewa. Akamwambia kwa upole kwamba siku hizi ni jambo dogo. Alete picha yake yoyote, atamkalisha pale kwenye benchi, hakuna atakayejua.

Tulia alifuta miwani kwa pindo la shati, lile la jora moja.

"Hapana, mama," akasema. "Iache hivyo. Sikuwepo."