Ukurasa wa Saba Ulioangalia Ukutani

Enzi zetu ukuta ulikuwa unasomwa. Wewe uliyezaliwa kwenye nyumba ya matofali huenda usinielewe, lakini wenzangu tuliokulia nyumba za udongo huku Kakamega mnakumbuka. Krismasi ikikaribia, kina mama walipika uji mzito wa unga wa mhogo, si wa kunywa, bali wa kubandikia magazeti ukutani. Nyumba ilipata sura mpya, ikanukia uji na wino, na sisi watoto tukapata maktaba.

Baba yangu alifanya kazi kwenye kitalu cha miche pale Isecheno, kwa hiyo magazeti ya zamani ya ofisini yaliishia kwetu. Nilijua kusoma ukuta kabla mwalimu hajanifundisha kusoma kitabu. Tulikuwa na mchezo wetu: mtu anataja neno, wengine wanalitafuta ukutani, anayelipata kwanza anachagua kiazi kikubwa. Kurasa nyingine Baba alizibandika kichwa chini, ndiyo maana mpaka leo naweza kusoma gazeti la mtu aliyeketi mbele yangu bila yeye kujua. Watoto wa siku hizi ukiwaandikia ujumbe wa mistari mitatu wanalalamika kwamba umewaandikia barua.

Juu ya meza ya chakula, mahali pa heshima, palikuwa na ukurasa wa kwanza wa gazeti moja, wenye habari ya mapigano ya mafahali. Fahali wetu aliitwa Radi. Mpinzani wake aliitwa Tingatinga, wa mzee mmoja wa Khayega. Mwandishi hakuacha kitu: ngoma za isukuti, umati uliofika umande ukiwa bado majanini, Radi akichimba ardhi kwa kwato, na Baba akimwimbia, jina lake likiwa limeandikwa kamili. Halafu, mafahali walipoangaliana uso kwa uso, habari ikakatika. Inaendelea ukurasa wa saba.

Ukurasa wa saba haukuwepo. Tuliutafuta chumbani, jikoni, hadi nyuma ya kabati. Wa sita ulikuwa karibu na dirisha. Wa nane, wenye tangazo la baiskeli, ulikuwa nyuma ya mlango. Mgeni akiuliza mambo yaliishaje, Baba alijiegemeza kitini na kusema, "Mtu mwenye alikuwa hapo hasomangi ukurasa wa saba." Kisha alisimulia jinsi Radi alivyomnyanyua Tingatinga kwa pembe na kumtupa. Kila mwaka Tingatinga alianguka mbali zaidi.

Nilipokuwa darasa la tano, msichana mgeni aitwaye Rosa aliketishwa nami dawati moja. Kumbe mwenye Tingatinga alikuwa babu yake, na kwao hadithi ilikuwa nyingine kabisa: Radi alikimbia. Tuligombana hadi darasa likagawanyika mara mbili. Mwishowe Rosa akasimama mbele ya wote akasema, "Kama ni ukweli, leta hiyo gazeti tusome." Nilipewa hadi Ijumaa. Nisipoleta, nitaitwa Binti wa Mkimbizi mpaka nimalize shule. Jina halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba Baba nilimwamini kuliko mwalimu mkuu, kuliko hata redio, na sasa kwa mara ya kwanza nilikuwa na shaka.

Nikapiga bongo. Kila karatasi ina sura mbili, na mgongo wa saba ni nane. Kama wa nane unatutazama sisi, basi wa saba unatazama udongo.

Siku ya soko, wazazi walipokwenda Khayega, nilichukua maji vuguvugu na kitambaa nikaulowesha ule ukurasa wa baiskeli polepole, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Ulibanduka na vumbi jekundu. Nikausoma nimepiga magoti.

Radi alimtazama Tingatinga mara moja tu. Akageuka, akapasua katikati ya watu, akavuka shamba la miwa, mwenye fahali akimfuata mbio na kiatu kimoja. Saa kumi alasiri alipatikana Isecheno, ndani ya kitalu, akila miche ya serikali. Kitalu kilekile ambacho Baba alilipwa kukitunza. Nililia, halafu nikacheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka nikalia tena.

Mama alirudi mapema akanikuta hapo chini na karatasi mkononi. Nilingoja fimbo. Badala yake alitua kikapu, akawasha moto, akabandika sufuria ya uji.

"Baba yako siku hiyo alikataa kula obusuma," akaniambia huku akikoroga. "Ni mimi nilimwambia ukurasa ukae hivyo."

Tuliubandika wawili, baiskeli nje. Baba alipofika akauliza mbona ukuta umelowa. Mama akasema paa limevuja, na huku kwetu hakuna anayebishana na mvua. Ijumaa nikawaambia wenzangu kwamba ukurasa wa saba uliliwa na mchwa. Waliniita Binti wa Mkimbizi hadi siku ya mtihani wa mwisho, nami nikaitika bila kununa. Baba hakuambiwa kitu, na Tingatinga akaendelea kurushwa.

Desemba iliyopita tulikusanyika nyumbani. Baba sasa anatembea na mkongojo, lakini mafahali hajawaacha, na asubuhi hiyo fahali wake mpya alikuwa uwanjani. Alimwona mwenzake, akafikiri kidogo, akaondoka. Mzee wangu akamfuata, mkongojo juu, kofia chini. Kabla hajarudi nyumbani, binti yangu alikuwa amekwisha kutuma video kwa ukoo mzima, na shemeji zangu walio ng'ambo walikuwa wanacheka. Enzi zetu habari kama hiyo ilihitaji mwandishi, gazeti na siku kadhaa, na bado mke mwenye huruma aliweza kuisimamisha kwa uji.

Binti yangu alimpelekea babu yake simu aone. Alijitazama akikimbia, mara ya kwanza, mara ya pili. Mama akajifanya anapanga vikombe. Kisha Baba akamrudishia mtoto simu, lakini macho akayaelekeza kwangu, na hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote hii hakuamini habari za lile paa.

"Sasa hii," akaniuliza, "mtu anabandikanga wapi?"

Nilitazama ukuta wa sebule yake mpya, mweupe, laini, umepakwa rangi vizuri. Nikainuka, nikamkorogea uji.