Mkunga Aliyechagua Kuwa Mwizi

Priska Mwalongo alistaafu ukunga akiwa na miaka sitini, na jambo la kwanza alilofanya baada ya kuhamishia vyombo vyake Kitandililo lilikuwa kulala. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa akiamshwa na watu wanaogonga dirisha. Sasa alitaka kujua usingizi usiogongwa unafananaje. Akalala wiki nzima, akiamka kula na kuota moto. Wiki ya pili akagundua kwamba hata usingizi una mwisho wake, na kwamba siku ya mtu asiyesubiriwa na yeyote ni ndefu kuliko ya mjamzito aliyepitiliza tarehe.

Alikuwa anaishi na Edward, mtoto wa kaka yake, mwanaume wa miaka ishirini na tisa, karani wa ghala la parachichi Makambako mjini. Edward alikuwa mpole na msafi, na alikuwa na jambo lake moja. Kila Jumamosi mchana walikuja rafiki zake wawili: Emilia, mwalimu wa shule ya msingi, na Joackim, fundi wa malori. Walikaa mezani sebuleni na kutandaza karatasi, penseli na dadu za ajabu, nyingine zenye pande nne, nyingine pande ishirini. Dadu hizo Edward alizipata Njombe kwa Mjerumani mmoja wa kujitolea aliyekuwa akigawa vitu vyake kabla ya kurudi kwao, pamoja na kitabu kinene cha maelezo ya mchezo wa kutunga hadithi kwa dadu. Alikisoma kitabu kile mwaka mzima, kamusi pembeni, halafu akakiweka kabatini na kutunga nchi yake mwenyewe: milima yenye ukungu, misitu ya mianzi, joka lililolala chini ya maporomoko, na watemi wadogo wanaogombania chumvi.

Mwanzoni Priska alidhani ni kamari. Akawa anasikiliza kutoka jikoni huku akimenya viazi. Hakusikia mtu akitaja hela. Alimsikia Edward akieleza daraja lililooza, mto ulivyofurika, na kilichokuwa kinanguruma ng'ambo, kisha akanyamaza na kuuliza, "Mnafanya nini?" Wale wawili wakabishana kama watu waliosimama kweli kwenye ukingo wa mto. Wakishaamua, dadu inarushwa, na dadu ndiyo inasema kama kamba imeshika au imekatika.

Swali lile lilimkaa Priska moyoni. Jumamosi ya nne akafuta mikono, akavuta kiti, akasema naye atacheza.

Edward alifurahi, akamweleza kwamba kila mchezaji ana mtu wake ndani ya hadithi. Emilia alikuwa shujaa wa mkuki, Joackim mganga wa mitishamba. Wote walidhani Mama Mkunga, kama Joackim alivyozoea kumwita, atachagua kuwa mganga wa pili, au mama wa busara wa kuwapa wenzake ushauri. Priska akafikiri kidogo, akasema anataka kuwa mwizi.

"Mwizi, shangazi?"

"Mwizi. Maisha yangu yote nimeingia nyumba za watu kwa kuitwa. Nataka kuona inakuwaje kuingia bila kuitwa."

Akampa mwizi wake jina la Sikujua. Na mama huyu wa kwaya, aliyekuwa akirudisha dukani hata chenji iliyozidi, akageuka hodari wa kufungua makufuli. Alimwibia mtemi mmoja farasi, pete na mpishi. Akawa anacheka mpaka anashika mbavu, kicheko ambacho Edward hakuwahi kukisikia tangu utoto wake.

Mambo ya aina hiyo hayafichiki mtaani. Mzee Abrahamu, mzee wa kanisa wa mtaa wao, alipita siku moja kuuliza kwa heshima juu ya majoka na waganga wanaotajwa humo ndani, maana watu wanasikia na watu wanaongea. Priska alimkaribisha chai, akamwonyesha karatasi na dadu, akamweleza kwamba ni hadithi tu, kama zile walizosimuliwa na bibi zao kwenye moto, ila hii anayesikiliza naye anaruhusiwa kuamua. Mzee Abrahamu akanywa chai yake, akasema amesikia. Hakusema kama ameridhika. Hakulitaja tena jambo lile, lakini kwa miezi kadhaa Priska hakupangiwa kusoma neno ibadani, naye hakuuliza sababu.

Mwaka ukaisha hivyo. Kilichotokea kilitokea mwezi wa saba, siku ya baridi kali, jiko la mkaa likiwa katikati ya sebule na mlango umeachwa wazi kidogo kwa ajili ya moshi.

Katika hadithi walikuwa wanakimbia kuvuka kilele cha mlima, askari wa mtemi nyuma yao. Edward akaeleza kwamba ndani ya kibanda cha wachunga mbuzi wamemkuta mwanamke peke yake, yuko kwenye uchungu, na anavuja damu. Alikuwa ameipanga sehemu hiyo kwa siku nyingi. Aliiona kama zawadi kwa shangazi yake: kwamba mara moja hii yule mwizi atafanya kile ambacho Priska anakijua kuliko mtu yeyote mezani, na wote watamwona.

"Mnafanya nini?" akauliza, akimtazama yeye.

Priska akaanza kusema, polepole, Sikujua anafanya nini: anaosha mikono kwa kitu gani, anamlaza vipi, anamwambia mganga asugue tumbo wapi na kwa nguvu kiasi gani. Emilia aliacha kuandika. Joackim alikuwa ameinua mikono yake miwili hewani bila kujua, kama mtu anayepokea kitu. Edward akasema kwamba kwa maelezo kama hayo anahitaji sita au zaidi tu kwenye dadu ya pande ishirini, mtoto na mama wapone.

Priska akarusha. Ikatoka tatu.

Joackim akawahi kusema dadu imegonga kikombe, irushwe tena. Kweli iligonga kikombe. Edward naye akadakia kwamba ndiyo, irudiwe. Priska akatikisa kichwa, akasema mama amekwenda, akauliza kuhusu mtoto. Edward, sauti imempungua, akasema mtoto amelia. Priska akainuka, akaenda jikoni, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Emilia alimfuata, akachukua kitambaa na kuvifuta kimoja kimoja mpaka vikaisha.

Jumamosi mbili zikapita bila mchezo. Edward alikuwa anatembea ndani ya nyumba kama mtu aliyevunja chungu cha mwenzake. Siku chache baadaye alimkuta shangazi yake uani anachambua maharage, akachuchumaa mbele yake, akamwambia ameshapata njia ya kurekebisha. Watasema mganga alikuwa na mizizi aliyoisahau mfukoni. Yule mwanamke ataamka.

"Usimfufue," Priska alisema. "Kama wangekuwa wanafufuka kwa sababu tumehuzunika, mimi ningeshawafufua."

Kisha akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Mwaka tisini na nane alikuwa kwenye zahanati ndogo milimani, upande wa Ludewa. Akaletwa mwanamke anaitwa Dainess, mimba ya kwanza. Mtoto akatoka vizuri, wa kiume. Halafu damu. Gari la karibu lilikuwa mbali na mvua ilikuwa imekata barabara. Priska alifanya yote aliyofundishwa, akayafanya kwa mpangilio, na Dainess akafa akiwa ameshika kidole chake. Hakuna aliyemlaumu. Ripoti iliandikwa, ikasomwa, ikafungwa.

Kilichomla siku zote ni kingine. Mkubwa wake wa kazi alimshauri asiende msibani, kwamba nesi akienda watu wataona amekubali kosa. Naye alikuwa bado kijana, akaogopa, akatii. Hakwenda kuzika. Hakwenda kutoa pole hata baada ya arobaini. Mwaka uliofuata akahamishwa, na kila mwaka uliopita ukafanya safari ile kuwa ngumu zaidi, mpaka ikawa haiwezekani.

Edward alimsaidia kuchambua maharage.

Jumamosi iliyofuata wakakaa mezani tena, kwa sababu Priska mwenyewe aliita. Hadithi ilikuwa pale pale walipoiacha: kibanda, mlima, askari wanakuja. Joackim alitaka waondoke haraka, wakalifunge lango la kuingilia bonde kabla askari hawajawafikia. Edward akauliza swali lake. Priska akasema Sikujua anambeba mtoto na anakwenda kwao yule mwanamke, kuwaambia. Joackim akafungua mdomo kubisha kwamba wataliacha lango wazi, akamtazama Mama Mkunga, akaufunga. Akasema mganga naye anakwenda.

Basi wakashuka mlima ule, wakafika kwenye nyumba, na akatoka mama mzazi wa marehemu. Edward ndiye aliyekuwa anamsemea, kama alivyowasemea watemi na wapishi. Priska alikuwa amejiandaa kwa matusi, au kwa msamaha. Edward akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwishoni alisema nini?"

Priska akatazama mikono yake.

"Aliuliza kama kuna mtu amewafungia kuku," akasema.

Hakuna aliyeandika chochote kwenye karatasi. Mkaa ulikuwa umebaki majivu. Emilia ndiye aliyesema kwamba kwa leo inatosha.

Mwezi wa tisa Priska akafunga mzigo: vitenge viwili, sukari, mchele kilo tano. Kupitia nesi mwenzake aliyestaafu huko huko Ludewa alikuwa amejua kwamba mdogo wake Dainess, Paskalina, ameolewa Mlangali. Edward alitaka kumsindikiza. Akamwambia hapana, safari hii alipaswa kuifanya akiwa na miaka thelathini na sita na miguu mizuri, si haki kumchosha mwingine nayo. Akalala Njombe kwa rafiki, asubuhi akaendelea.

Paskalina alikuwa shambani, analiandaa kwa ajili ya mahindi. Alimwona mgeni akija kwenye njia, akasimama, akaegemea jembe. Priska akasalimia kwa Kibena, kamwene, kwa kuwa Kiswahili kilimkimbia. Akaanza kujieleza. Hakufika mbali.

"Ninakufahamu," Paskalina alisema. "Wewe ndiye nesi."

Wakaingia ndani. Priska akasema alichokuja kusema, pole ya miaka ishirini na sita, akaisema vibaya, kwa kurukaruka. Akamweleza na habari ya kuku. Hapo Paskalina akafunika uso kwa kanga, na Priska hakuweza kujua kama analia au anacheka. Ilikuwa vyote viwili. Akasema kuku wale walikuwa saba, Dainess aliwapenda kuliko watu, na usiku ule kweli hakuna aliyewafungia, paka pori aliwamaliza wote.

Halafu akajifuta, akasema jambo ambalo Priska alirudi nalo.

"Mama alikusubiri. Hakuwa na hasira na wewe. Alikuwa anasema, yule nesi atakuja, ndiye aliyekuwa naye. Kila gari likisimama barabarani anachungulia. Amefariki mwaka juzi."

Priska alilala pale usiku mmoja. Asubuhi wakaenda wote wawili makaburini, wakang'oa nyasi, Dainess upande huu na mama yake upande ule. Wakati wa kuagana Paskalina akampa debe la maharage na namba ya simu ya Tarsis, mtoto wa marehemu, anayechomelea mageti Songea.

Nyumbani alimweleza Edward yote, na la yule mama pia, akichungulia barabara. Edward akasema angalau amekwenda. Priska akajibu kwamba ndiyo, amekwenda. Na kwamba kuchelewa nako ni kitu, asimpunguzie uzito wake. Jumamosi alicheza, lakini Sikujua aliiba kidogo sana kipindi kile. Lango la bonde lilikuwa kweli limeachwa wazi, askari wakaingia, na iliwachukua mpaka mwezi wa kumi na moja kuwatoa.

Namba ya Songea aliiweka kwenye simu bila kuipiga. Hakuona kama ana haki. Mwishoni mwa mwaka Tarsis akapiga mwenyewe. Mama yake mdogo alikuwa amempa namba. Aliongea kwa adabu na kwa wasiwasi. Alisema mkewe ni mjamzito, mwezi wa nane sasa, na kliniki wanamuuliza maswali mengi juu ya ukoo wao ambayo yeye hana majibu. Priska akavuta kiti, akamjibu moja moja, akamwambia wajifungulie hospitali kubwa na wawahi, wasisubiri uchungu. Tarsis akaahidi. Kisha akauliza kama anaweza kuuliza kitu kingine. Alitaka kujua alizaliwa saa ngapi, maana hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

"Saa kumi na moja na robo alfajiri," Priska akasema. "Kilo tatu na nusu. Ulilia mara moja, kwa nguvu, na mama yako alikusikia."